Daftari la Stoo, Mahuta

Mfuko wa kwanza kuganda niliujua kwa kuugonga.
Ukalia kama mlango.
Nikagonga wa pili, wa tatu,
hadi wa arobaini na mbili,
nikaacha kugonga, nikaukalia.

Saruji ilifika Novemba. Nondo zikafika Februari.
Ndivyo tulivyoagiza: kila mtu kwa simu yake,
kila mtu kwa bei yake,
na mvua, ambayo haikuagizwa na mtu,
ikafika kwa tarehe.

Fundi Chilumba na vijana wake kumi na mmoja
walilipwa kwa siku, wakacheza bao kwa siku.
Siwalaumu. Mikono ilikuwepo, kokoto hazikuwepo.
Kokoto zilipokuja, maji yalikuwa yameisha;
huku juu maji nayo ni mzigo,
yana lori lake na risiti yake.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi ufa tungeutoa wapi?

Na malori ya korosho yakipita mbele yetu,
yakipanda matupu kutoka Mtwara,
yakipiga kelele za bodi tupu.
Dereva mmoja, Nangomwa, alisimama kunywa chai.
"Dada, nimepita mlangoni mwa kiwanda cha saruji
sina hata kuku nyuma.
Ungesema juzi ningekubebea kwa hela ya mafuta."
Juzi! Juzi tulikuwa kwenye kikao.
Na Septemba tulikuwa tunazindua:
tulikata utepe, tukala pilau,
tukapiga picha na msingi ambao bado ulikuwa shimo.

Usiku ule nikafungua kaunta buku kwa nyuma.
Nikaandika kwanza siku
ambayo mama ataingia wodini ameshika kiuno.
Kabla yake, kitanda.
Kabla ya kitanda, rangi iliyokauka.
Kabla ya rangi, lipu, kabla ya lipu, paa,
kabla ya paa, lenta,
na lenta haimwagwi bila nondo,
na nondo hazitoki Dar chini ya siku kumi na nne,
na oda haitoki ofisini bila sahihi tatu,
na sahihi ya tatu iko semina, Dodoma.
Nikaandika: apigiwe kesho alfajiri.

Asubuhi nikayachora yote ukutani kwa mkaa.
Injinia Mnali akasoma, akacheka:
"Somoe, unajenga kinyumenyume?"
Nikamwambia futari hupangwa hivyohivyo:
unaanzia kwenye adhana, unarudi nyuma
mpaka usiku wa jana, mbaazi ziloweke.
Hakujibu. Aliazima mkaa
akaongeza neno moja: choo.
Sote tulikuwa tumekisahau.

Sisemi mambo yalinyooka.
Aprili lori lilikwama baada ya Nanyamba, siku nne,
na mabati ya kwanza yalikuja mafupi.
Ila safari hii tulijua tumechelewa nini,
na nani apigiwe, na kipi kifanywe tukisubiri.
Shule ya Nanhyanga nao walikuwa wakijenga;
tukachangia gari.
Mifuko thelathini, si mia tatu,
juu ya mbao, mbali na ukuta,
uliotangulia kuingia utangulie kutoka.
Agosti malori yakapanda kufuata mbaazi
na hakuna lililopanda tupu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu ilikuwa na daftari tangu mwanzo.
Ilipotea na habari zake zote,
kwa kalamu ya bluu.

Ile arobaini na miwili haikukubali nyundo.
Chilumba akaipanga mlangoni pa wodi, ikawa ngazi.
Karatasi imeshabanduka,
lakini mshono wa mfuko bado unaonekana kwenye jiwe.
Jana mkunga mgeni alikanyaga, akasifu:
"Ngazi nzuri. Zilitoka bei gani?"

Nilifungua ukurasa wa Novemba.
Nikamsomea mpaka shilingi ya mwisho.